Kumbukumbu ya Siku 90: Jinsi Upau wa Anwani Unavyosahau Tovuti Tunazozihitaji Zaidi

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, simu nyingi za Kizwite na kata nyingine za Manispaa ya Sumbawanga huulizwa swali lilelile kwa saa zilezile. Mtahiniwa, mzazi wake, na mjomba aliyeko Laela au Matai, kila mmoja hugusa upau wa anwani ulio juu ya kivinjari na kuanza kuandika: n, e, c. Kabla hajafika herufi ya nne, orodha ya majibu imeshajipanga chini ya kidole chake, na mara nyingi hugusa la kwanza bila kulisoma. Hatua hiyo ni ndogo kiasi kwamba hakuna anayeihesabu kuwa ni uamuzi. Lakini ni uamuzi, na sehemu yake kubwa imeshafanywa na programu iliyopanga orodha ile. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba upau wa anwani hukisia vizuri pale ambapo kukosea hakumgharimu mtu kitu, na hukisia vibaya pale ambapo kukosea kunamgharimu sana. Chanzo chake ni namna kumbukumbu ya kivinjari ilivyopimwa: inalipa uzito jambo la kila siku na kulisahau jambo la kila mwaka. Kwa wakazi wa Ufipa, eneo hili la mkoa wa Rukwa lenye mji wa Sumbawanga, ambao shughuli zao nzito za mtandaoni ni zile za mara moja kwa mwaka, kipimo hicho kina madhara ambayo shule, ofisi za umma na familia zinaweza kuyapunguza.

Ukisiaji huu ulianza kwa njia nyepesi. Katika miaka ya 1990, aliyeandika neno moja tu kwenye Netscape Navigator aliongezewa www mwanzoni na .com mwishoni, kana kwamba kila tovuti inayotafutwa ni ya kampuni. Alama ya dhana hiyo haijafutika: hadi leo, ukiandika neno kwenye Chrome au Firefox ya kompyuta kisha ukabonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja, neno lako hugeuka kuwa anwani ya .com. Kwa anayetafuta ofisi ya umma ya Tanzania, kisio hilo lilikuwa kosa tangu mwanzo, kwa sababu taasisi zetu za Serikali zinaishi chini ya go.tz. Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2008. Mwezi Juni, Firefox 3 ilitoka na upau uliotafuta ndani ya historia na vialamisho vya mtumiaji mwenyewe, hata kwa neno lililo katikati ya kichwa cha ukurasa. Mwezi Septemba, Google ikatoa Chrome, ambayo iliunganisha sehemu ya kuandikia anwani na ile ya kutafutia zikawa kitu kimoja. Tangu hapo kivinjari kina kazi ya kuamua, kwa kila unachoandika, kama unataja mahali au unauliza swali. Maneno yenye nafasi katikati huchukuliwa kuwa swali. Neno moja lisilo na nukta, kama necta, nalo kwa kawaida hupelekwa kwenye injini ya utafutaji. Lenye nukta na mwisho unaotambulika huchukuliwa kuwa anwani, na ipo orodha ya wazi ya miisho hiyo, iliyoanzishwa na Mozilla, ambamo go.tz, co.tz na ac.tz zimo.

Baada ya uamuzi huo wa kwanza huja upangaji wa majibu, na hapo ndipo kiini cha suala kilipo. Firefox kwa miaka mingi ilitumia hesabu iliyochanganya mambo mawili: umeitembelea tovuti mara ngapi, na ni lini mara ya mwisho. Ziara ya ndani ya siku 4 zilizopita ilipewa uzito wa 100. Ya ndani ya siku 14, 70. Ya ndani ya siku 31, 50. Ya ndani ya siku 90, 30. Na ya zamani zaidi ya hapo, 10. Kisha uzito huo ulizidishwa kulingana na njia uliyofikia: anayefika kwa kuandika anwani mwenyewe alihesabiwa mara 20 ya aliyefika kwa kugusa kiungo. Tuichukue hesabu hiyo tuiweke mezani. Kijana aliyeandika juzi anwani ya ukurasa wa matokeo ya mpira ameupa alama 2,000 kwa ziara moja. Mama yake aliyefungua matokeo ya NECTA mwaka jana kupitia kiungo alichotumiwa ameyaachia alama 10. Tofauti ni mara 200, na hapo bado hatujahesabu kwamba ukurasa wa mpira hufunguliwa kila siku. Chrome nayo hutunza kumbukumbu ya aina hiyo, na anayeitumia kwenye kompyuta anaweza kuichungulia kwa kuandika chrome://predictors. Humo kuna jedwali: herufi ulizoandika, anwani iliyokisiwa, mara ambazo kisio lilipatia, mara ambazo lilikosea, na kiwango cha uhakika. Uhakika ukivuka asilimia 50, Chrome huanza kuunganisha na tovuti hiyo mapema; ukivuka asilimia 80, inaweza kuupakia ukurasa kabla hujabonyeza Enter.

Kuna jambo jingine linalokaza kipimo hiki. Chrome kwenye kifaa chako huhifadhi historia ya takriban siku 90, kisha huifuta. Weka siku hizo 90 kando ya kalenda ya mwananchi. Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, ya kidato cha sita Julai, ya darasa la saba karibu na mwisho wa mwaka. Dirisha la maombi ya mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hufunguliwa mara moja kwa mwaka, na orodha za waliochaguliwa kujiunga na kidato cha tano hutolewa na TAMISEMI mara moja kwa mwaka. Aliyefungua tovuti ya NECTA Januari, kufikia Mei simu yake haina habari nayo tena, labda kama aliiweka alama. Muuza duka hupanga sukari na sabuni mbele kwa sababu huulizwa kila saa, na mbegu za mahindi huziweka nyuma mpaka Novemba. Tofauti ni kwamba yeye anajua Novemba itakuja, na kivinjari hakijui. Hakihesabu majira. Hakina njia ya kutambua kwamba ukurasa uliofunguliwa mara moja tu Januari ndio uliobeba hatima ya mtoto, na kwamba ule uliofunguliwa mara 60 ulikuwa wa kupitisha muda. Kwa hiyo mtu anaporudi baada ya mwaka, upau humpokea kama mgeni, na swali lake huenda kwa mtu wa tatu.

Mtu huyo wa tatu ni injini ya utafutaji, na nafasi yake hapo si ya bure. Katika kesi ya Serikali ya Marekani dhidi ya Google, ambayo Jaji Amit Mehta aliitolea hukumu tarehe 5 Agosti 2024 akiamua kwamba Google imekuwa ikilinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria, ilifahamika kwamba kampuni hiyo ililipa dola bilioni 26.3 katika mwaka 2021 pekee ili iwe chaguo la kwanza kwenye vivinjari na simu. Hakuna anayelipa kiasi hicho kwa mahali pasipo na nguvu. Kilichonunuliwa ni ule wakati ambapo mtumiaji hana kumbukumbu yake mwenyewe na anakubali kisio la mwingine. Na wakati huo kwetu ni mwingi kuliko kwa mwenye kompyuta ya ofisini, ambaye hufungua tovuti zilezile kila asubuhi na upau wake umeshamzoea. Mkulima wa bonde la Rukwa anayetafuta tangazo la Serikali, au mhitimu anayetafuta nafasi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, huanza upya kila mara, na kila anapoanza upya hukutana na kurasa zinazoshindania macho yake: blogu zilizonakili kichwa cha tangazo ili zipate matangazo ya biashara, makundi ya kujiunga, na nyakati nyingine kurasa za matapeli zinazoomba namba ya simu au ada ya kushughulikia maombi.

Hatari kubwa kuliko zote ni kwamba kosa likishatendeka, upau hulitunza. Firefox, kwa mfano, hukumbuka kwamba ulipoandika herufi fulani ulichagua anwani fulani, na safari nyingine huipandisha anwani hiyo kwa herufi hizohizo. Kanuni hii ni nzuri kwa aliyechagua sawasawa. Kwa aliyeelekezwa pabaya, ni mlango unaobaki wazi: mwombaji wa mkopo aliyeangukia ukurasa wa bandia Jumatatu ataandika tena herufi zilezile Jumanne, na upau utamletea ukurasa uleule kama rafiki wa zamani. Wahandisi wa Chrome wenyewe wamewahi kuligusa tatizo hili. Mwaka 2024, walipoingiza mfumo wa kompyuta kujifunza katika toleo la 124 ili upange majibu ya upau, waliona mfumo huo ukitoa alama ndogo kwa tovuti iliyofunguliwa sekunde au dakika chache tu zilizopita, na maelezo yao yalikuwa kwamba mtu aliyefika asipotaka hurudi mara moja kwenye upau na kujaribu tena. Ugunduzi huo ni wa maana, lakini unatuonyesha pia mpaka wake. Mashine hutambua kosa pale tu mtumiaji anapolitambua kwanza. Aliyetapeliwa bila kujua harudi haraka. Hukaa, husoma, hujaza fomu mpaka mwisho. Kwa mashine, huyo anaonekana kama mteja aliyeridhika.

Mji wa Sumbawanga una hali nyingine ambayo kanuni hizi hazikuifikiria, nayo ni kompyuta inayotumiwa na wengi. Vijana wengi hawajazi fomu zao nzito kwenye simu. Huenda steshenari, hulipa, na mhudumu huwaandikia, huwaskania vyeti na kuwachapia. Kompyuta ya steshenari haina tatizo la siku 90. Katika msimu wa mikopo, tovuti ya Bodi ya Mikopo hufunguliwa hapo mara nyingi kwa siku, na upau wake huijaza kwa herufi mbili. Kisio sahihi lipo mjini, ila linamilikiwa na mhudumu. Mwanafunzi huondoka na karatasi mkononi na simu isiyojua chochote, na akitaka kufuatilia maombi yake baada ya wiki mbili hana pa kuanzia isipokuwa kurudi na kulipa tena. Upande mwingine wa jambo hilohilo ni siri. Upau uliojifunza kwa watu mia humwonyesha anayefuata alichokitafuta aliyetangulia, iwe ni ugonjwa, kesi au deni, na kivinjari kikiombwa kuhifadhi nywila hufanya hivyo bila kujua kwamba kiti hicho kina wenyewe wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wajibu kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Lakini hakuna sheria itakayofuta historia ya kompyuta jioni kwa niaba ya mwenye duka. Kufungua dirisha la faragha kwa kila mteja na kulifunga akimaliza ni jambo la sekunde chache, na linastahili kuwa desturi ya kazi hiyo.

Wapo watakaosema wasiwasi huu umezidi. Pingamizi lao la kwanza ni kwamba injini ya utafutaji kwa kawaida huiweka tovuti ya NECTA juu kabisa, hivyo hata kumbukumbu ya simu ikifutika, hakuna aliyepotea. Ni kweli kwa siku nyingi, na ni kweli zaidi kwa taasisi kubwa ambazo nchi nzima huzitafuta. Hoja hiyo hupungua nguvu tunaposhuka hadi ngazi ya halmashauri. Tovuti ya Manispaa ya Sumbawanga ni sumbawangamc.go.tz, ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ni sumbawangadc.go.tz. Tofauti ni herufi moja, na ni ofisi mbili zenye zabuni, nafasi za kazi na matangazo ya viwanja tofauti. Anayeandika sumba anategemea bahati, kwa kuwa kurasa hizi hazina umati wa watembeleaji unaoifundisha injini ipi inatakiwa. Hupungua nguvu pia siku ile hasa ya matokeo, seva zinapoelemewa. Ukurasa rasmi ukichelewa kufunguka, mtu hurudi kwenye orodha na kugusa wa pili, kisha wa tatu, na hapo ndipo wasio rasmi huvuna. Wastani mzuri wa mwaka mzima haumsaidii aliyepotea siku moja aliyoihitaji.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye imani na teknolojia: mifumo inaboreshwa, na tatizo litajiponya. Mwezi Oktoba 2023 Google ilitangaza kwamba upau wa Chrome utasahihisha makosa ya herufi, utakumbuka maneno uliyotumia kuitafuta tovuti hata kama hayamo kwenye anwani yake, na utapendekeza tovuti mashuhuri hata kwa asiyewahi kuzifungua. Haya ni manufaa ya kweli kwa anayeandika kwa kidole gumba kwenye kioo kidogo kilichopasuka, na sitaki kuyapuuza. Lakini tazama msingi wa kila moja. Kukumbuka maneno uliyotumia kunahitaji historia ambayo haijafutwa. Kupendekeza tovuti mashuhuri kunahitaji tovuti iwe mashuhuri kwanza, na umashuhuri huhesabiwa kwa wingi wa watu, kipimo ambacho wilaya ya Kalambo au Nkasi haiwezi kushinda. Maboresho yanaongeza ukali wa kisio bila kubadili kinachopimwa. Mazoea na umati vitabaki kuwa mizani, na hitaji la mara moja kwa mwaka la watu wachache litabaki jepesi juu yake.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: watu hawaandiki anwani tena, wanagusa viungo kwenye makundi ya WhatsApp, kwa hiyo kuujadili upau ni kujadili kitu kinachokufa. Ninakubali sehemu ya kwanza ya hoja hii na kuikataa ya pili. Viungo vimekuwa njia kuu, na ndiyo sababu upau wa wengi haujifunzi, kwa kuwa ziara ya kiungo imepewa thamani ndogo mno kando ya ile ya kuandika. Lakini mtu akishagusa kiungo, upau ndio mahali pekee panapomwambia amefika wapi. Ujumbe unaweza kuandikwa chochote. Nembo ya Taifa, ile ya bibi na bwana, inaweza kunakiliwa. Anwani ya juu haidanganyi kwa anayejua kuisoma. Na kuisoma ni ujuzi wa dakika chache. Chukua matokeo.necta.go.tz. Anza kulia: tz ni Tanzania, go ni Serikali, necta ni taasisi, matokeo ni chumba ndani ya taasisi hiyo. Kinachotakiwa ni go.tz ikae mwisho kabisa, kabla ya mkwaju wa kwanza. Anwani inayosomeka necta.go.tz kisha ikaendelea na nukta na jina jingine la .com si ya NECTA, hata kama mwanzo wake unafanana. Mwisho wa go.tz umetengwa kwa Serikali, ilhali co.tz na .com hununuliwa na yeyote.

Kutokana na hayo yote, wajibu unagawanyika sehemu tatu. Taasisi za umma ndizo zenye mzigo wa kwanza. Anwani moja fupi isiyobadilika, inayofunguka ikiwa na www au bila, na anwani ya zamani inayompeleka mtu kwenye mpya pale mfumo unapohamishwa, ni msaada mkubwa kwa mwananchi kuliko ukurasa uliopambwa. Anwani hiyo itajwe redioni herufi kwa herufi, ichapwe kwenye fomu na hati zote, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Shule zina sehemu ya pili. Mwanafunzi wa Rukwa anayefundishwa TEHAMA na akamaliza bila kujua kusoma anwani kutoka kulia amefundishwa kuwasha gari bila kufundishwa alama za barabarani. Sehemu ya tatu ni ya mtumiaji mwenyewe, na ni nyepesi kuliko zote: ukiifikia tovuti sahihi ya mambo yako ya kila mwaka, iweke alama. Kialamisho hakifutwi baada ya siku 90, na upau hukitafuta pamoja na historia, kwa hiyo herufi tatu za mwakani zitakikuta kipo. Familia yenye watoto shuleni inahitaji vialamisho vinne au vitano tu: mitihani, uchaguzi wa wanafunzi, mikopo, ajira, halmashauri yake. Kivinjari kimepewa kazi ya kukumbuka tunayoyafanya mara nyingi, na kazi hiyo kinaiweza. Kukumbuka yaliyo na uzito ni kazi ambayo hakikupewa, na mpaka hapo itakapokuwa vinginevyo, ni lazima tuifanye sisi.